Zimwi Lililouliza Kama Tumefika

Vijana wa idara ya miswada mmeniomba niandike nilivyoianza kazi hii, kwa kuwa meza yangu sasa ni tupu na mimi sina kisingizio. Vyeo sitavieleza, mnavijua, na vingine nilivipata kwa sababu tu aliyekuwa navyo alihamishwa. Nitaeleza miezi yangu ya kwanza pale Tabora, Waingereza wakiwa bado wanatawala, nilipokabidhiwa gunia la mazimwi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu Uganda na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, na sikuamini jambo lolote ambalo sikuweza kulipigia mstari. Ofisi yetu ya vitabu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya maduka ya mtaa wa Kanyenye. Chumba cha mbele kilikuwa cha Mzungu aliyetusimamia, ambaye siku nyingi alikuwa safarini. Cha nyuma kilikuwa cha Bwana Nasoro, mhariri mkuu, mtu wa ukoo wa Kiarabu wa pale mjini. Ndugu zake wote waliuza nguo na asali. Yeye alisema aliingia kwenye vitabu kwa sababu hakuna aliyemwamini na mizani.

Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso, kisha akasukuma gunia kwa mguu.

"Hawa wote ni mazimwi," alisema. "Tunataka kumi na mawili. Waliobaki uwaandikie barua za adabu."

Ofisi ilikuwa imetangaza kwamba inakusanya hadithi fupi za kutisha, kila moja iwe na zimwi, ili zitolewe pamoja katika kitabu kimoja. Masharti yalikuwa mafupi. Hadithi iwe mpya, iandikwe upande mmoja wa karatasi, na jina la mtunzi liwe kwenye karatasi ya peke yake, iliyotiwa saini, ili msomaji asimjue mtu kabla ya kuijua hadithi. Sharti hili la mwisho lilikuwa la Bwana Nasoro. Endeleeni nalo. Limeniokoa mara nyingi nisimpendelee rafiki, na mara mbili nisimwonee adui.

Vifaa vyangu vilikuwa kalamu nyekundu, pini, karatasi za kaboni na taipureta nzito ya chuma yenye herufi R iliyopinda. Nilijiongezea kifaa cha tano ambacho hakuna aliyenituma kukitafuta: maswali matatu. Kwenye pambizo ya kila mswada niliandika, Limetoka wapi? Linakula nini? Linakufaje? Niliona kwamba mtunzi asiyejua majibu hayo hajafikiri. Zimwi moja lenye vichwa saba lilipanda treni ya Kigoma, daraja la tatu, na mimi nikaandika pembeni: Vichwa saba, tiketi moja? Mwalimu mmoja wa Urambo niliyemrudishia mswada wake kwa swali la pili alinijibu kwa mstari mmoja: "Bwana, ningejua linakula nini ningelifuga."

Bwana Nasoro aliisoma barua hiyo mara mbili, akaibandika ukutani juu ya kiti changu. Ilikaa pale mpaka ofisi ilipohama.

Mswada ninaotaka kuueleza ulifika katika juma la tano. Ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wa kufundishia watoto, mviringo, bila kufutwafutwa. Ulisimulia msafara wa wapagazi uliotoka upande wa Nyanza kuja Tabora zamani, kabla ya reli. Asubuhi ya siku ya pili mizigo ilipopangwa, ulionekana mzigo mmoja uliofungwa kwa ngozi ya ng'ombe ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Mnyapara alimpa mpagazi mmoja. Alfajiri mzigo ulikuwa mwepesi kama pamba. Jua lilipopanda ulianza kuwa mzito, na jua lilipofika utosini ukamsemesha mbebaji kwa sauti ya mtu wake aliyemwacha nyumbani. Ulimuuliza neno moja tu: "Tumefika?"

Aliyejibu "Bado," uzito uliongezeka maradufu mpaka shingo ikavunjika. Aliyejibu "Tumefika," alitua mzigo akaketi, na hakuinuka tena. Kesho yake mahali pale palikuwa na kichuguu. Aliyenyamaza aliendelea kuulizwa mpaka akajibu. Mpagazi mmoja baada ya mwingine. Hatimaye mzigo ulifika kichwani pa msimuliaji mwenyewe, kijana wa safari yake ya kwanza. Mstari wa mwisho ulisema: "Likaniuliza kwa sauti ya mama yangu, Tumefika?" Chini yake nusu ya karatasi ilikuwa nyeupe.

Niligeuza karatasi. Nilitikisa bahasha. Kisha nikaandika barua ya adabu: hadithi haina mwisho, tafadhali tuma mwisho, kitabu kinafungwa baada ya wiki tatu.

Jibu lilitoka Puge, kaskazini ya Tabora, kwa Mwalimu Tekla, wa shule ya misheni ya Katoliki. Aliandika kwamba hadithi ni ya babu yake, Mzee Mhoja, aliyekuwa mpagazi katika ujana wake. Yeye ameiandika tu. Mwisho babu hataki kumpa mtu. Desturi yao wapagazi ilikuwa kwamba hadithi ya njiani husimuliwa kambi kwa kambi, na mwisho wake hupewa mtu aliye njiani, mzigo ukiwa juu yake. Siku hizi watu hupanda lori, kwa hiyo hakuna wa kumpa. "Kifua chake kimeharibika," aliandika, "na wenzake wote wameshakufa. Akienda, mwisho unakwenda naye. Ikiwa ofisi inautaka, ofisi imtume mtu aje abebe."

Nilicheka, nikampelekea Bwana Nasoro. "Huu ni ujanja wa mzee. Hana mwisho, basi anatafuta sababu."

"Huenda." Alisoma mswada wote pale pale, kisha akanyoosha kidole kwenye meza yangu. "Chai yako ile uliimimina saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kuna zimwi lingine katika gunia hili lililokufanya usahau chai?"

Nilisogeza kikombe kando.

"Basi nenda Puge. Na taipureta uibebe, uandike huko huko. Ukirudi na mwisho wa kichwani mwako nitaujua. Ninyi wasomi miisho yenu yote ina maelezo."

Nilipata nafasi juu ya lori la magunia ya karanga. Mwalimu Tekla alinipokea mlangoni mwa darasa lake akiwa na chaki mikononi. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, anayetembea haraka. Alinipeleka moja kwa moja kwa babu yake, ambaye alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, akisokota ngata kwa majani makavu na kitambaa. Begani alikuwa na sugu kubwa kama kiazi, pale pembe za ndovu zilipokuwa zinalala. Alikohoa kwanza, ndipo akaitikia shikamoo yangu.

"Ndiye huyu?" alimuuliza mjukuu wake.

"Ndiye, Babu. Ana shahada."

"Inabebwa kichwani?" Aliinua taipureta yangu kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akairudisha chini. "Itafaa. Kesho alfajiri. Mke wangu huyu atakuja nyuma na maji."

Mke wake ndiye mjukuu wake. Ndivyo mababu wanavyowatania wajukuu kule. Tekla hakuuacha utani upite bure. "Mume mwenyewe kifua kibovu, anakwenda matembezi," alisema. "Na mimi, Babu? Mimi nabeba maji tangu nina miaka sita. Kwa nini mwisho usinipe mimi?"

"Maji unajua nyumba unakoyapeleka," mzee alijibu. "Hujawahi kubeba kitu usichojua kinakwenda wapi."

"Wanafunzi arobaini na wanane je?" Tekla alisema. Mzee alijifanya hakusikia.

Tulitoka mapambazuko yakianza, tukaelekea kusini kwa njia ya zamani ya misafara. Ilikuwa kiangazi, na njia ilionekana vizuri, mstari mwembamba wa udongo mgumu kati ya nyasi zilizokauka, uliokanyagwa na nyayo nyingi mno hata majani yamekataa kuota. Mzee alitangulia na fimbo. Mimi nilifuata, ngata utosini na taipureta juu yake, mkono mmoja ukiishika. Tekla alikuwa wa mwisho na kibuyu cha maji. Tulikuwa tunakwenda mpaka kambi moja ya zamani karibu na korongo, mwendo wa asubuhi, ambao mzee katika ujana wake aliumaliza kabla ya kutokwa na jasho.

Alisimulia bila kugeuka. Maneno yalikuwa yale yale ya mswada, lakini sasa kila tukio lilikuwa na mahali. Hapa mnyapara alisimama. Pale kwenye mninga ule mpagazi wa kwanza alianza kupepesuka. Na mimi, ambaye mzigo wangu bado ulikuwa mwepesi, niliuliza maswali yangu.

"Zimwi hilo, Mzee, lilikuwa na miguu?"

"Miguu ya nini, nalo linabebwa?"

"Lilitoka wapi?"

"Lilikuwa kwenye mizigo."

"Na kabla ya hapo?"

Alisimama, akakohoa kwa muda mrefu, mkono kifuani. "Umekuja kusikia au kupima?" aliuliza. Nyuma yangu Tekla alicheka kimya kimya.

Baadaye kidogo tulifika mahali penye vichuguu. Vilikuwa saba au nane, vyekundu, vimezidi kimo cha mtu, vimesimama kando ya njia kimoja baada ya kingine. Mzee alivua kofia. Kila alipofikia kimoja alitaja jina, akasema "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, kama mtu anayepita mbele za nyumba za jirani. Kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwa kimoja aliongeza habari: kwamba mjukuu wa marehemu huyo amepata mtoto wa kiume. Kwa kingine alisimama akacheka peke yake, akatikisa kichwa, akaendelea.

Nilijua mchwa. Nilikuwa nimesoma jinsi wanavyojenga. Nilijiambia kwamba vichuguu havikuufuata msafara, njia ndiyo iliyovifuata, na mpaka leo nadhani hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini nawaambia ukweli, vijana, kwamba nilivipita kimya na nikaona aibu kwa kuwa na kofia kichwani chini ya ngata. Sikuwahi kusikia wafu wakipewa habari za nyumbani namna ile, na sikuwa na swali.

Jua lilipanda. Taipureta ile ilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka minne, na asubuhi niliiona ni kazi ya mchezo. Kufikia hapo shingo yangu ilikuwa inatetemeka peke yake, jasho limeniingia machoni, na kona moja ya chuma ilikuwa imeipita ngata na kunichimba. Sikutaka kuomba kupumzika mbele ya mtu wa miaka zaidi ya sabini na mwalimu wa kike. Mzee alikuwa amefika kwenye ile nusu ya karatasi nyeupe. Alisimulia jinsi mnyapara alivyomwekea mzigo kichwani, alivyotembea nao, jua lilivyofika utosini.

Kisha alisimama. Hakugeuka. Akiwa ametupa mgongo, alisema taratibu, "Tumefika?"

Nimejaribu kwa miaka mingi kueleza kilichonipata. Ilikuwa sauti ya mzee mwenye kifua, wala si ya mtu mwingine. Lakini nilikuwa chini ya mzigo na niliulizwa mimi. Nilitazama mbele, nikaona njia tu. Nilijua kwamba nikisema bado, sitaweza hatua nyingine kumi. Nikisema tumefika, nitaketi hapo na hakuna kitakachoniinua. Mimi niliyekuwa na maswali matatu kwa kila kiumbe sikuwa na jibu hata moja kwa swali la neno moja. Nilianza kupepesuka. Mzee alingoja, mgongo wake ukipanda na kushuka kwa pumzi.

"Nipe mimi," Tekla alisema.

Alikuwa ameshafika kando yangu. Aliweka kibuyu chini, akaniondolea taipureta na ngata yake kwa pamoja, akajitwika, akaiweka sawa kwa kutikisa kichwa kidogo. Nilibaki nimeinua mikono kama mtu aliyeporwa.

Mzee aligeuka. Sijaona uso wa namna ile tena. Alimtazama mjukuu wake kama mtu aliyemwona akishuka kutoka juu.

"Nani amekwambia?"

"Kuniambia nini, Babu?"

"Hayo maneno. Nani amekwambia useme hayo?"

"Huyu bwana anaanguka," Tekla alisema. "Ulitaka niseme nini?"

Mzee alifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalitikisika, nami nilidhani ni kikohozi, mpaka nilipoona machozi yanapita kati ya vidole. Tekla alitaka kumwendea, mzee akamzuia kwa mkono.

"Ndiyo hayo," alisema alipoweza. "Ndiyo hayo tu. Mimi nilikuwa naanguka, na aliyekuwa nyuma yangu akasema, nipe mimi. Hakuna aliyemfundisha. Wote waliokufa walikufa kwa sababu tulikuwa tunasikiliza watajibu nini."

"Na zimwi lilifanya nini?" niliuliza. Safari hii nilitaka kujua kweli.

"Likamuuliza yeye. Hakulijibu. Wa nyuma yake akasema, nipe mimi. Hivyo hivyo mpaka Tabora, mtu kwa mtu, na hakuna aliyelijibu tena. Mizigo ilipopangwa ukutani kwa Mwarabu mwenye msafara, ule haukuwamo."

"Ulikwenda wapi?"

"Nitajuaje? Ndiyo sababu nimekuwa naogopa." Alimwelekezea Tekla fimbo, taratibu. "Wenzangu wamekwisha. Miaka yote hii nikikohoa najua litaniuliza tena, na nikigeuka nyuma naona njia tupu. Nilisema mwisho haupewi mtu asiyebeba. Nilidhani hakuna aliyebaki."

Tekla alibaki na taipureta kichwani, ameshika kiuno, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Mwishowe alisema, "Basi twende, Babu, jua kali," na mzee akasogea kando ya njia. Akamwambia, "Pita mbele." Tulikwenda mpaka korongoni tukimfuata yeye.

Niliandika mwisho hapo hapo, taipureta juu ya jiwe. Ulikuwa mistari tisa. Sikuongeza neno, na kwa mtu wa aina yangu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba.

Kamati ya uteuzi ilikaa wiki iliyofuata, Mzungu wetu akiwa amerudi. Alisema hadithi ni nzuri lakini zimwi halikufa, na watoto wa shule watauliza limekwenda wapi. Mjumbe mwingine alipendekeza mpagazi mmoja awe na mkuki. Wote walinitazama, kwa kuwa ilijulikana kwamba mimi ndiye mwenye swali la tatu. Nilisimama nikasema kwamba nimelifuta swali hilo. Sijui linakufaje, nilisema, na nimebeba taipureta kutoka Puge. Mkiweka mkuki, ondoeni hadithi yote na mniondoe na mimi. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Bwana Nasoro, ambaye hakuwahi kunisifu mbele za watu wala hakuanza siku ile, alivuta mswada, akaweka muhuri wa "Ichapwe," akauliza kama kuna jambo jingine.

Somo la kazi ni hili, na ninalo moja tu. Mswada unaoonekana haujakwisha usimwandikie mtunzi barua mpaka umejiuliza wewe umesimama wapi unapousoma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti.

Lilibaki sharti la jina. Karatasi ya peke yake haikuwa na saini, kwa kuwa Tekla alikuwa ameandika kwamba hadithi si yake. Nilirudi Puge nayo. Mzee alikuwa kitandani sasa, mlango umefunguliwa ili jua la asubuhi lifike miguuni. Nilimweleza kwamba hadithi imepita na kwamba jina lake litachapwa juu yake, na nikampa kalamu. Aliishika, akaitazama, akampa Tekla.

"Andika lako," alimwambia.

"Ni yako, Babu. Kila neno."

"Mimi niliifikisha hapo tu."

Tekla alisaini.